Usiongeze sukari kwenye ORS ya mtoto

Nimeona wazazi wengi wakiongeza sukari kwenye maji ya ORS (mchanganyiko wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini) ili mtoto anayeharisha ayapende. Tafadhali, usifanye hivyo. Utando wa seli za utumbo mwembamba una milango ya protini, na mmojawapo hupitisha glukosi ya sukari na sodiamu ya chumvi zikiwa pamoja tu. Zikishaingia, maji huzifuata. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na ndiyo maana ORS husaidia hata kwenye kipindupindu: mlango huo huendelea kufanya kazi. Lakini sukari ikizidi, ile inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini na kuharisha kunaongezeka.

Ukikosa pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kufura. Onja kwanza, yasizidi machozi kwa chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea. Yaliyopitisha saa 24 yamwage. Akilegea, macho yakididimia au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.