Baiskeli chakavu hapa Dodoma: ukiwa na hela kidogo anza na breki

Wengi wetu tunaopanda baiskeli kutoka Nkuhungu, Chang'ombe au Mkonze kwenda kibaruani tunapanda Phoenix za mkono wa tatu, unainunua haina breki hata moja na muuzaji anakwambia utazoea tu. Ndugu yangu usizoee. Kama wiki hii una hela ya kitu kimoja basi nunua raba za breki, kengele na madigadi vitasubiri.

Kujua kama breki ni nzima ni rahisi, bana ya mbele halafu isukume baiskeli, gurudumu likiendelea kuzunguka ujue raba zimeisha au zile fimbo za chuma zimelegea, kaza nati zake kwanza kabla hujanunua kitu. Na usichomeke kipande cha kandambili. Mimi nilitembea nacho muda mrefu, siku imenyesha kikateleza nikaingia nyuma ya bajaji, kovu la goti ninalo mpaka leo. Halafu hizi rimu za chuma zikilowa hata raba mpya inachelewa kushika, kwahiyo masika anza kubana mapema, kidogo kidogo, rimu ikauke.

Sasa pancha. Huku kwetu ni miba ya migunga, na watu wanapoteza hela kwa sababu wanaziba tyubu wanarudishia fasta wakati mwiba bado umo kwenye tairi, unafika mtaa wa pili umeshuka tena. Ukishatoa tyubu, chukua kitambaa upitishe taratibu ndani ya tairi lote, usipitishe kidole kitupu utachomeka, kitambaa kikinasa hapo ndipo ulipo, nchani unaonekana kama kidoti cheusi tu, usukume utokee nje au uvute na koleo. Tyubu itie upepo uizamishe kwenye beseni la maji uone povu linapotoka, futa pakauke, kwangua, paka solusheni na USUBIRI ikauke ndo ubandike kiraka. Watu hawasubiri, ndo maana viraka vinabanduka.

Baiskeli iegeshe kivulini pia, hili jua letu linapasua tairi pembeni na ukiona nyuzi zinachungulia hilo tairi limeisha, usilipakie mzigo.

Kwa wabeba maji na mkaa, gurudumu la nyuma kwa kawaida lina spoki 40 na la mbele 32, na madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 bila wewe mwenyewe kukaa. Spoki moja ikikatika zilizobaki zinabeba kazi yake, baada ya siku chache zinakatika mbili tatu na rimu inapinda. Mwambie fundi airudishie mapema, spoki moja ni hela ndogo sana ukilinganisha na rimu.

Cheni ifute vumbi kabla ya oili, hata oili chafu ya gereji inafaa ila isiguse rimu kabisa, breki zitakataa.

Usiku kama huna taa bandika rifleta nyuma ya keria na ufunge tochi kwenye usukani, hasa njia ya Ihumwa kwenda Mtumba, malori yanapita kasi na upepo wake unakuyumbisha. Ukisikia lori linakuja nyuma yako shika usukani kwa mikono miwili, na kama pembeni ni mchanga shuka kabisa lipite.