Picha za kumaliza haiskuli: uliza haya kabla hujalipa

Wazazi mlioko Marekani ambao mtoto anaingia darasa la 12, kabla hujamlipa mpiga picha usiishie kuangalia Instagram yake, pale kaweka zile kali tu, mwambie akuonyeshe albamu nzima ya mtoto mmoja mwanzo mwisho, na awe mweusi kama wako, maana kuna wanaopiga ngozi yetu ikatoka kijivu au uso ukapotea kivulini yakabaki macho na meno, na hiyo hata akiediti vipi hairudi vizuri.

Bei nayo, mara nyingi ile anayotangaza ni ya kupigwa tu, picha zenyewe mnauziwa baadaye, kwahiyo uliza mapema mnapewa faili ngapi na kama mnaruhusiwa kuprinti wenyewe, halafu aandike.

Ila shule waulizeni kwanza jamani! Shule nyingi picha ya kitabu cha mwaka (yearbook, kile cha shule chenye picha za wanafunzi) lazima ipigwe na studio waliyoingia nayo mkataba na ina dedlaini yake. Hizi zingine za kwenu wenyewe pigeni kiangazi kabla hawajafungua, jioni jua likielekea kuzama, saa saba mchana vivuli vinamjaa machoni.