Ukitoka peke yako usiku wa kusi

Wewe unayetweka tanga peke yako kutoka Mikindani au Msanga Mkuu msimu huu wa kusi, jiandae kungali mchana. Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, na baridi ya majini si ile ya barazani.

Fulana ya pamba ikilowa haikufai tena. Vaa sweta la sufu, hata la mtumba, maana sufu ikilowa bado inashika joto, kisha koti la mvua juu yake kukata upepo. Nguo kavu za akiba zitie kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana. Usingoje utetemeke ndipo ubadilishe: vidole vikishaingia ganzi, hata fundo dogo halifunguki, na huna wa kukusaidia.

Macho nayo huchukua kama nusu saa kuzoea giza. Ukiwasha tochi nyeupe mara moja tu, unaanza upya. Mimi nafunga kipande cha kanga nyekundu mbele ya tochi kwa mpira wa baiskeli. Naona kamba zangu na bado naiona bahari. Tochi ya pili, yenye mwanga mkali, iwe karibu na usukani. Ukiona taa za meli iendayo bandari ya Mtwara, mulika tanga lako lote wakuone.

Na jifunge kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye chombo. Tafadhali sana.