Maji ya Shawa Yasiyotulia Joto: Jinsi ya Kuupata Ubovu Kabla ya Kufungua Chochote

Maji ya shawa yakiwa baridi, au yakichoma kisha yakapoa ghafla, wengi hukimbilia kuilaumu hita. Nimekwisha kukuta hita nzima zikiwa zimeng'olewa bure, ilhali ubovu ulikuwa kwenye koki ya ukutani. Kwa hiyo pima kwanza.

Hatua ya 1. Fungua maji ya moto kwenye bomba la jikoni, yaache yatiririke kwa dakika 2 au 3, kisha yakinge kwenye kikombe chenye kipimajoto. Yakifika nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi huku shawa ikitoa maji ya uvuguvugu, hita ni nzima. Nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2. Iwapo maji ni baridi kila mahali, zima umeme wa hita kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa testa kwamba haupo kabla ya kugusa kifuniko. Katika hita ya tangi yenye koili mbili, koili ya chini ikiungua, maji huanza yakiwa moto lakini huisha upesi. Usiteremshe joto la tangi chini ya nyuzi 60, kwa kuwa bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Lakini kumbuka kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ya mtoto upesi zaidi, hivyo ni lazima yachanganywe na ya baridi kabla hayajamfikia mwogaji. Kwa hita ya papo kwa papo (isiyo na tangi), punguza mtiririko kidogo, maana maji yakipita kwa kasi hayapati muda wa kupata joto; ila ukiyapunguza mno, hita haitawaka kabisa.

Hatua ya 3. Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, nami naisisitiza kuliko zote. Zima umeme wa hita kama bado hujauzima, funga koki ya maji baridi yanayoingia ndani yake, kisha fungua bomba la maji ya moto la jikoni. Maji yanapaswa kukatika baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutoka, basi maji baridi yanapenya kwenye bomba la moto kupitia koki fulani ya kuchanganyia, ambayo si lazima iwe ya shawa hiyo unayoilalamikia. Kagua hasa shawa ya mkononi iliyofungwa kwa kitufe cha kichwani huku koki yake ikiachwa wazi, kwani hapo maji ya moto na ya baridi hukutana bila kizuizi. Funga koki moja baada ya nyingine hadi mtiririko ukome.

Hatua ya 4. Ikiwa koki ya shawa ndiyo yenye kosa, funga maji ya nyumba, toa katriji (kiini cha ndani ya koki kinachochanganya maji ya moto na ya baridi), na uiloweke kwenye siki nyeupe ili chokaa ilainike. Mipira ikiwa imechakaa, badilisha katriji nzima. Wakati wa kuirudisha, angalia pete yenye meno inayozuia mkono wa koki usizunguke hadi mwisho wa upande wa moto: jino moja likikosewa, maji huwa ya uvuguvugu siku zote au huwa hatari.

Rudisha maji na umeme, subiri tangi lipate joto, kisha pima tena kwenye shawa huku mtu mwingine akivuta maji chooni. Joto likiruka kwa nguvu wakati huo, vali ya kusawazisha presha imekwama na inahitaji kusafishwa au kubadilishwa.