Kabla ya kuchomeka chaja ya betri uliyoiunda mwenyewe

Umeme ukikatika Mtwara au Lindi, betri ya volti 12 ndiyo inayowasha taa na kuchaji simu. Kujiundia chaja ni jambo jema, lakini anza na transfoma, maana ndiyo inayokutenga na volti 230 za TANESCO.

Tafuta yenye koili mbili zisizogusana: moja ya volti 230, nyingine ya volti 15. Yenye koili moja iliyotolewa waya katikati haifai hata kama inatoa volti ndogo, kwa kuwa betri inabaki imeungana na umeme wa nyumba. Michoro inayopunguza umeme kwa kapasita tu, bila transfoma, iache kabisa. Ukinunua ya mtumba, pima kwa mita kati ya koili na koili, kisha kati ya kila koili na chuma chake. Ikionyesha njia ya umeme, irudishe. Isipoonyesha, bado fundi aipime kwa mega, kipimo cha kukagua kama insulesheni inavujisha umeme.

Boksi likiwa la chuma, funga waya wa ethi (wa ardhini) kwenye bati lenyewe, palipokwanguliwa rangi. Huku kwetu, hasa Shangani na Mikindani, hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani, na kiungo kilicholika hupata moto. Basi kagua viungo mara kwa mara.

Fyuzi ziwe mbili. Moja ikae kwenye laini, yaani waya wa moto, kabla ya swichi. Nyingine iwe karibu na chanya ya betri, kwa sababu betri peke yake inaweza kuyeyusha waya.

Volti 15 zikipita kwenye daiodi, zinazogeuza umeme uwe wa njia moja, na kapasita hufika karibu 20, kwa hiyo weka saketi ya kuzuia zisizidi 14.4. Betri ya asidi ya Ah 50 (ampea-saa) ipe ampea 5 hivi. Ya lithiamu usiichaji kwa chaja hii.

Chajia penye hewa, si chumba cha kulala: betri ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 hewani, cheche moja inatosha kuilipua. Vibanio vitangulie kushika betri, ndipo uwashe. Ukimaliza, zima kwanza.

Siku ya kujaribu, bila betri, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye laini, kwa mfululizo. Ikiwaka sana bila kufifia, kuna shoti, chomoa. Na awepo mtu wa pili anayejua meni swichi ilipo.