Konokono wa Mwea: anza na mayai na maji, si chupa ya sumu

Konokono tufaha, mzaliwa wa Amerika Kusini, alithibitishwa katika skimu ya mpunga ya Mwea, Kirinyaga, Kenya, mwaka 2020. Hutafuna miche michanga usiku, asubuhi unakuta jaruba (kipande cha shamba la mpunga) lina mapengo. Mafuriko humsambaza shamba hadi shamba, na joto likizidi mayai huanguliwa upesi zaidi.

1. Tafuta mayai. Ni vishada vya rangi ya waridi vilivyoganda kwenye mabua na kuta za mfereji, juu ya usawa wa maji. Kishada kimoja huweza kuwa na mamia ya mayai. Ponda papo hapo. Chomeka vijiti kando ya jaruba. Konokono watapanda kutaga hapo, nawe utajua pa kutazama.

2. Okota konokono alfajiri na jioni. Vaa glavu, maana huweza kubeba minyoo ya panya inayofika hadi ubongo wa binadamu. Waponde, wafukie mbali na mfereji.

3. Weka neti maji yanapoingilia na yanapotokea, uisafishe mara kwa mara.

4. Kazi kubwa iko kwenye maji. Wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, yasizidi sentimita 2. Konokono hujikokota kwa shida kwenye maji machache. Chimba vifereji vyembamba ndani ya jaruba. Watakusanyika humo, uwaokote kwa pamoja.

5. Trekta likitoka shamba lenye konokono, lioshwe matope kwanza.

Maswali ya wakulima

Mkulima wa Tebere: Mwalimu, nikimwaga dawa ya viwavi si watakufa?
Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Konokono si mdudu. Utaua samaki, vyura na buibui wanaokula wadudu, na maji hayo yanateremka kwa jirani anayeyachota. Dawa yoyote iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia viuatilifu, kwa konokono, na lebo ifuatwe.

Mama wa Wamumu: Tunapanda miche ya siku 10 kwa kilimo shadidi, yaani miche michanga, mmoja mmoja, kwa nafasi. Tuache?
Jibu: Jaruba likiwa na konokono, mama, ngoja miche ifike wiki tatu na zaidi, bua likomae kidogo. Kulowesha na kukausha kwa zamu endelea nako.

Mkulima wa Thiba: Nikikausha shamba kabisa?
Jibu: Konokono hujizika kwenye tope, akafunga kifuniko cha gamba, akangoja miezi. Maji yakirudi, naye anarudi. Siku ya kufungulia maji ndiyo ya kuwahi shambani na ndoo.