Somo: Kuokoa miche iliyorefuka na kulegea chini ya taa

Ndugu wakulima, wengi wetu tunaoishi katika nyumba za kupanga mjini Kampala, Jinja na Mbale, tusio na nafasi ya kitalu, husia mbegu za nyanya, pilipili hoho na kabichi kwenye trei ndani ya nyumba na kuziwashia taa, hasa mvua za Machi na za Septemba zinapokaribia. Malalamiko yanayonifikia ni yale yale: mbegu zimeota vizuri, lakini baada ya siku chache shina limerefuka, limekuwa jembamba na jeupe, na mche umeinama upande mmoja. Somo hili linaeleza jinsi ya kuuokoa mche huo, na pia ni wakati gani haifai kujisumbua nao.

Mche wa namna hiyo haukosi mbolea, unatafuta mwanga. Mwanga unapokuwa hafifu, mmea hutumia akiba yake kurefusha shina badala ya kulinenepesha na kupanua majani, na joto likiwa kali wakati huohuo, kama ilivyo kwenye chumba chenye paa la bati lisilo na dari, urefukaji huo huenda kwa kasi zaidi. Macho yetu hayafai kuwa kipimo hapa. Chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha mara nyingi hakifikishi hata laksi 1,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) ukisogea mbali kidogo na dirisha, ilhali jua la adhuhuri huku kwetu kwenye ikweta huweza kufikia laksi 100,000.

Hatua ya kwanza ni kushusha taa au kuinua trei, na ifanyike leo hii. Mirija ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha za miche, na ipandishwe kadiri miche inavyokua. Balbu moja ndogo inayoning'inia darini haifai hata kidogo, kwa sababu ukiongeza umbali wake maradufu, mwanga unaofika kwenye jani hupungua hadi robo. Ili kujihakikishia, weka kiganja juu ya majani kwa muda wa dakika moja: ukihisi joto mgongoni mwa mkono, basi taa iko karibu mno au ni ya aina inayochoma; usipohisi kitu, uko salama. Taa maalumu zenye nguvu kubwa hukaa mbali zaidi, na maelezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa.

Hatua ya pili ni saa za mwanga. Washa taa saa kumi na mbili asubuhi na uzime saa nne usiku, yaani saa 16, kisha uiache miche katika giza. Nyanya zinazowashiwa taa usiku kucha hupata manjano kwenye majani, kwa hiyo kuongeza saa hakuwezi kufidia taa iliyo mbali. Mirija miwili ya wati 18 kwa saa hizo hutumia takriban yuniti 0.6 za umeme kwa siku.

Tatu, punguza msongamano kwa kubakiza mche mmoja katika kila tundu la trei. Kata ule wa ziada kwa mkasi usawa wa udongo, usiung'oe, maana mizizi yake imekwisha kusukana na ya mwenzake.

Hatua ya nne ndiyo uokoaji wenyewe, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kurefuka haifupiki tena. Nyanya ina bahati: shina lake likifukiwa hutoa mizizi. Hamishia mche kwenye kikombe chenye matundu chini, ondoa majani ya chini, ufukie shina hadi karibu na majani yaliyobaki. Likiwa refu mno, lilaze kimshazari. Shika jani, kamwe usishike shina, kwani jani likichanika litaota jingine, lakini shina likibonyea mche umekwisha. Nyanya iliyounganishwa kwenye shina la mmea mwingine isifukiwe kupita pale pa kiungo. Kabichi na hoho zifukiwe hadi chini kidogo ya ghalambegu, yale majani mawili ya kwanza, wala si zaidi. Saladi isifunikwe moyo. Tango na tikiti maji zilizorefuka sana, kwa maoni yangu, ni bora kuzisia upya, kwa sababu huota haraka na hazipendi kuguswa mizizi.

Baada ya hapo, pitisha kiganja taratibu juu ya miche mara chache kwa siku, au uielekezee feni ya kasi ndogo. Mtikisiko huo huifanya ikaze shina.

Mwisho, izoeshe jua kwa siku 7 hadi 10 kabla ya kuipeleka bustanini. Anza na saa moja ya kivuli cha asubuhi, uongeze kidogo kidogo. Jani lililokulia chini ya taa ni laini, na jua la mchana huliachia mabaka meupe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimeshauriwa dukani ninyunyizie mbolea ya majani ili miche ipate nguvu. Je, nifanye hivyo?
Jibu: Usifanye kwanza, ndugu yangu. Naitrojeni nyingi penye mwanga hafifu huzidisha urefu na ulaini. Rekebisha mwanga, kisha majani halisi, yaani yale yanayofuata baada ya ghalambegu, yakitokea mawili au matatu, tumia mbolea iliyozimuliwa sana.

Swali: Sisi wa Kabale tuna baridi. Je, niihamishie miche jikoni karibu na moto?
Jibu: Hapana, mama. Kabale iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi huo unakusaidia kupata kabichi fupi na nene. Joto lina kazi kubwa wakati wa kuota tu.

Swali: Huku Mbale umeme ukikatika mchana kutwa, nifanyeje?
Jibu: Itoe nje kwenye kivuli chepesi cha baraza, palipo salama na kuku na mvua ya mawe. Mwanga wa hapo, hata siku ya mawingu, kwa kawaida hupita ule wa mirija yako. Wenye baraza kama hiyo wangeweza kuitumia kila siku, taa zikabaki za jioni.

Swali: Yangu imeanguka, na shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusana na udongo. Niifukie?
Jibu: Huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni, na kuifukia hakutaiponya. Ondoa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, acha uso wa udongo ukauke kidogo, kisha umwagilie asubuhi kwa kuweka maji kwenye sinia chini ya trei. Ukisia tena, tumia udongo mpya na trei iliyooshwa kwa maji yenye dawa ya klorini.